Samaki wa Mwenyeji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipimajoto kilichofungwa kamba na nikaambiwa nikae kimya. Lori la samaki lilikuwa limesimama ukingoni mwa ziwa, injini inanguruma, na tangi lake limejaa trauti waliotoka kwenye mabwawa ya kufugia. Mkuu wa Hifadhi, Mswidi mrefu aliyevaa kofia ya sufu hata mwezi wa tano, aliniambia nipime maji ya tangi, kisha maji ya ziwa, kisha nimpe jibu.

"Tangi nyuzi nane, ziwa kumi na mbili," nilisema.

"Basi tunasubiri."

"Tunasubiri nini?"

"Samaki wa maji ya nane ukimmwaga kwenye maji ya kumi na mbili, mwili wake unashtuka. Leo ataogelea vizuri. Atakufa kesho, chini kabisa, mahali ambapo hutamwona."

Tukaanza kupampu maji ya ziwa kuingia tangini, kidogo kidogo, huku mimi napima kila baada ya dakika kumi. Kazi hiyo inaitwa kupandikiza, na wengi wanadhani ni kumwaga samaki tu kama mtu anayemwaga mchanga. Nilimuuliza Mkuu trauti wanakula nini, wanalala saa ngapi, wanajuaje kwamba wako ziwani na si bwawani. Alijibu maswali manne. La tano alinyanyua kidole.

"Spes, samaki nao wanasikia."

Mimi ni Spesiose. Watu wa kwetu wananiita Mama Spesi. Kazi hiyo niliianza nikiwa na miaka hamsini na miwili, na kabla ya hapo sikuwahi kumaliza mwaka mzima kwenye kazi moja. Shule niliiacha darasa la tano, Rumonge, kwa sababu nilitaka kujua magari yanayopita barabarani yanaishia wapi. Nikauza vitenge Uvira, nikawapikia wajenzi wa barabara Kigoma, nikasuka nywele Nairobi. Huku Uswidi nilifagia kiwandani Södertälje, nikaogesha wazee Husby, nikakunja mashuka ya hoteli mjini. Kila mahali nilikuwa nikishajua kazi inavyofanyika, miguu inaanza kuniwasha. Karani wa ofisi ya kazi alichoka na faili langu. Siku moja akaniambia, "Kuna kazi moja haina mtu. Ina baridi, ina vyoo, ina samaki." Nikamuuliza ni samaki gani.

Hifadhi yenyewe iko kusini mwa Stockholm, unapanda basi kutoka Hallunda kisha unatembea robo saa kwenye misonobari. Ilikuwa mali ya manispaa. Kulikuwa na ziwa dogo, uwanda wa nyasi wa kupiga mahema, na vibanda vitatu vya magogo vilivyo wazi upande mmoja, ambavyo Waswidi wanaviita vindskydd, mtu analala humo akitazama maji huku upepo unapiga mgongo wa kibanda. Kazi ya mhudumu ilikuwa kupasua kuni za mti wa mbetula, kusafisha vyoo vya shimo, kupima maji, kutangaza marufuku ya moto wakati wa ukame, na kukagua vibali vya kuvulia. Kibali kimoja kiliruhusu mtu mmoja, fimbo moja, samaki watatu kwa siku. Basi.

Nitaeleza jinsi samaki walivyohesabiwa, kwa sababu ndipo nilipoharibu. Kwenye gati kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake daftari. Kila aliyevua aliandika: tarehe, samaki wangapi, uzito. Hakuna aliyemsimamia. Hilo lilinishangaza kuliko baridi. Nilimuuliza Mkuu, "Na mtu akidanganya?"

"Kwa nini adanganye?"

"Mtu anaweza."

"Anaweza," alisema. "Lakini daftari ndilo macho yetu. Najua nimeweka samaki wangapi. Daftari linaniambia wametoka wangapi. Waliobaki wako chini, na wa chini siwaoni. Daftari likikosea, mimi ni kipofu."

Kila mwezi wa kumi alikuwa akitega nyavu za majaribio, zile zile, sehemu zile zile, akalinganisha na daftari. Vikikubaliana, ziwa ni zima. Visipokubaliana, kuna kitu kinaua samaki: hewa imepungua majini, au ugonjwa, au kicheche wa majini.

Nilipewa miezi sita ya majaribio. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kubaki mahali. Sijui kama ni ule ukimya, au ni kwamba kila siku maji yalikuwa na jibu jipya. Nilijifunza kufunga fundo la uzi wa kuvulia gizani mwa mfuko wa koti, na kujua kwa sauti ya shoka kama gogo limekauka. Nilijua kumpiga samaki kichwani kwa kirungu mara moja tu, asiteseke. Sikuwashwa miguu hata kidogo.

Kosa langu lilianzia kanisani Hallunda. Niliwaambia watu wetu kuna mahali wanaweza kulala kwenye mahema na watoto, wakavua samaki kwa kibali, na hakuna atakayewauliza wanatafuta nini. Hawakuamini. Wiki ya pili ya mwezi wa sita walikuja familia sita, Warundi na Wakongo, pamoja na Kato, Mganda anayeendesha basi, aliyesema yeye amekuja kulinda wengine wasiliwe na dubu.

"Huku hakuna dubu," nilimwambia.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema.

Aliyewaongoza alikuwa Domitila, mama wa Uvira anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Jumapili wakati wa kukunja mahema alinijia na trauti mzuri amemfunga kwenye majani.

"Huyu ni wako, Mama Spesi."

"Siwezi kupokea, dada. Mimi niko kazini."

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Tumelala kwako siku mbili. Tumekunywa maji yako, tumechoma kuni zako. Halafu tuondoke mikono mitupu? Umekuwa Mswidi lini?"

"Si vile."

"Ni vipi, basi?"

Kato akapiga kelele kutoka kwenye gari, "Mpeni askari wa ziwa samaki wake twende, tusije tukafungiwa humu."

Nikampokea. Yeyote aliyelelewa kando ya lile ziwa letu kubwa anaelewa: mgeni akivua kwako, mwenyeji anapata wake. Kukataa ni kumwambia mgeni asirudi. Na mimi nilitaka warudi. Walirudi, wakaleta wengine. Majira yale yote, kila Jumapili, nilipokea samaki. Walijaa kwenye friza ya kibanda cha kazi, nikawabeba kwa basi, wengine nikawala, wengine nikawagawia majirani wa jengo langu, mpaka bibi wa ghorofa ya tatu ambaye hakuwahi kunisalimu akaanza kunishikia mlango.

Mimi niliyeuliza kila kitu, kuna kitu kimoja sikuuliza. Waswidi niliwakagua vikapu. Watu wetu sikuwakagua. Nilijua wamekata vibali na wanaandika kwenye daftari, na kufunua kikapu cha mama mwenzangu niliona ni aibu.

Mwezi wa kumi Mkuu alitega nyavu. Nilikuwa naye kwenye mtumbwi. Tulivuta wavu wa kwanza, samaki mmoja. Wa pili, hakuna. Zote nne zikatoa watano. Alikaa na daftari kwenye magoti muda mrefu, kofia ameivua, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Walipaswa kuwa wengi zaidi," alisema. "Majira yalikuwa ya joto. Nilidhani hewa ilitosha."

"Nilipima kila siku. Ilitosha."

"Najua ulipima. Nimeona takwimu zako, ni nzuri." Akafunga daftari. "Lakini kitu kinawaua, na sikijui. Siwezi kupandikiza wengine waje wafe. Jumatatu naandika ripoti. Ziwa tunalifunga kwa uvuvi."

"Kwa muda gani?"

"Likifungwa, bajeti inaenda kwingine. Hairudi. Kazi yako ilikuwa ya samaki, Spes. Nasikitika. Wewe ungefaa."

Ilikuwa Ijumaa. Niliteremka kwenye mtumbwi nimebeba nyavu mbichi begani, na nakumbuka sikuhisi uzito wake.

Jumapili kanisani nilimsimulia Domitila, nikitafuta tu mtu wa kulalamikia. Nilimwambia samaki wamekufa na hatujui kwa nini, daftari linasema wako na nyavu zinasema hawapo.

"Pole sana," alisema. "Na tulivyokuwa tunaandika vizuri. Watatu, watatu, kila mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nawasimamia."

"Najua. Asante."

"Na wa kwako hatukumgusa kwenye daftari."

Nikamtazama. "Wa kwangu yupi?"

"Wa nne."

"Domitila. Wale mlionipa hawakuwa kati ya watatu?"

Alishangaa kweli. "Watatu ni wa kibali. Wa nne ni wa mwenyeji. Ningeandikaje samaki wako kwenye samaki wangu? Huo si ni uongo?"

Niliketi kwenye kiti cha karibu, na kwaya ilikuwa bado inaimba. Nilimuuliza kama familia zote zilifanya hivyo. Akasema ndiyo, ndivyo alivyowafundisha, na wengine walitoa wawili.

"Wawili kwa nini?"

"Mmoja wako, mmoja wa mkubwa wako. Yule mrefu wa kofia. Hukumpa?"

Sikumpa. Samaki wa Mkuu niliwala mwenyewe.

Alasiri yote tulizunguka mimi na Domitila, nyumba kwa nyumba, pale Hallunda. Nilibeba karatasi. Kila familia ikakumbuka siku zake, mmoja hapa, wawili pale, na Kato akaungama watano kwa sababu alisema kuna siku aliniona nimekonda. Tulipojumlisha, karatasi ilikuwa imejaa pande mbili.

Domitila alinishika mkono mlangoni. "Ukimwambia, si atakufukuza?"

"Nikinyamaza, kazi inakwisha vilevile. Na ziwa linakwisha nalo."

"Basi sema ni mimi. Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Aliyepokea ni mimi."

Jumatatu nilifika kabla ya Mkuu. Aliponikuta nimekaa kwenye ngazi ya kibanda, alidhani nimekuja kuchukua vitu vyangu. Nilimpa karatasi na nikamweleza, kuanzia samaki wa kwanza kwenye majani hadi friza. Sikuwalaumu wengine. Hata habari za waliotoa wawili wawili nilimwambia.

Tukaingia ndani. Akachukua daftari, akaweka karatasi pembeni, akaanza kuhesabu kwa penseli. Alihesabu mara mbili. Ndege fulani alikuwa anagonga mti huko nyuma, na nilimsikiliza yule ndege kwa nguvu zangu zote.

"Kwa hiyo ziwa ni zima," alisema hatimaye.

"Ni zima."

"Hakuna kinachowaua."

"Tuliwala."

Aliweka penseli chini na akafuta uso kwa mikono miwili. Kisha akawa Mkuu tena. "Mfanyakazi wa manispaa hapokei kitu kwa mgeni. Si samaki, si kahawa, si pipi. Unaelewa kwa nini?"

"Kwa sababu nikipokea, sikagui."

"Hukukagua?"

"Sikukagua."

"Nitaandika onyo. Litakaa kwenye faili lako na utatia sahihi."

"Nitatia sahihi."

Aliandika hapo hapo, mistari sita, kwa mkono. Nikatia sahihi. Nilikuwa nasubiri sentensi inayofuata, ile ya kunifukuza kazi. Badala yake aliuliza, "Hao waliokuwa wangu. Uliwala wote?"

"Wote."

"Uliwapikaje?"

"Niliwakaanga. Nyanya na ndimu."

Akachukua karatasi nyingine safi. "Ripoti naandika upya," akasema. "Nenda kapime maji."

Majira yaliyofuata tulitengeneza utaratibu, na ninawaeleza vijana mnaoingia kazi hii kwa sababu hamtaupata kwenye kitabu chochote. Sikuwaambia watu wetu waache desturi. Niliwaambia mwenyeji ana samaki wake, lakini anatoka kati ya watatu na anaandikwa kama wengine. Na hakuna anayembeba kwenda naye nyumbani. Anaokwa mchana wa siku ya mwisho, kwenye moto wa wote, analiwa na wote. Mimi nitakuja kuwasalimu na kukagua vikapu, kila kikapu, hata cha Domitila.

"Hata changu?" Domitila aliuliza.

"Chako cha kwanza."

"Sawa, bosi," akasema, na tangu siku ile mbele ya watu aliniita bosi, na tulipokuwa peke yetu aliniita mwizi wa samaki.

Mkuu naye alikuja. Alisimama pembeni ya moto mara ya kwanza, mara ya pili akaketi. Walimkaribisha samaki, akatikisa kichwa kwa adabu, akatoa mkate wake wa jibini kwenye mfuko wa karatasi, akaula pamoja nao. Watu wetu walikwazika kidogo, kisha wakamzoea. Kato alikuwa akimsogezea chumvi. Miaka yote aliyobaki kazini, Mkuu alikula mkate wake kwenye moto wetu na hakuwahi kuonja kipande kimoja. Na daftari na nyavu vilikubaliana kila mwezi wa kumi.

Alipostaafu alikuja Meneja wa Hifadhi, mwanamke kijana mwenye kompyuta ya kubeba mkononi. Chini yake vibali vilihamia kwenye simu, na daftari la gati nalo. Wazee walinung'unika. Mimi nilifurahi, nikamsumbua kwa maswali mpaka akanionyesha jinsi ramani za kina cha ziwa zinavyochorwa kwa sauti inayopigwa chini na kurudi. Nilikuwa na miaka sitini nilipoona kwa mara ya kwanza shimo ambalo trauti wetu walikuwa wanakaa wakati wa joto. Nilikuwa nimepita juu yake na mtumbwi kwa miaka minane.

Mtu akiniuliza sasa kwa nini nilitulia mahali pamoja baada ya kuzunguka maisha yote, namwambia sikutulia. Ziwa halikuwa lile lile wiki mbili mfululizo. Niliacha tu kuhamahama kwa miguu. Na kwa kijana aliyeacha shule kama mimi nina la kusema moja: uliza, lakini waulize na watu wako. Hao ndio tunawasahau, kwa sababu tunadhani tunawajua.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Alhamisi tulivu ya mwezi wa tisa. Watu wa Hallunda walikuwa wameshaniaga kanisani kwa keki na hotuba ndefu, kwa hiyo sikutarajia mtu. Saa nne asubuhi nikamwona mzee mrefu akitoka kwenye misonobari na fimbo ya kuvulia. Kofia ilikuwa ile ile. Tangu astaafu sikuwa nimemwona ziwani.

Alininyooshea simu. "Kagua."

Nilikagua. Kibali cha siku moja, fimbo moja. "Karibu, Mkuu."

Alivua gatini mpaka mchana. Nilisafisha vyoo, nikapanga kuni, nikapima maji: kumi na moja. Alipata trauti mmoja tu, nikamwona akimpiga kirungu mara moja na kuandika kwenye simu kwa kidole kimoja, taratibu. Saa tisa na nusu alikuja akaketi kwenye ngazi ya kibanda, samaki amemfunga kwenye majani, na akamweka kwenye goti lake.

Nikaketi naye. Nilijua ni wa nani, nikanyoosha mkono.

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

Alitazama saa yake. "Saa kumi kasoro dakika kumi na saba. Wewe ni mfanyakazi wa manispaa."

Basi tukakaa. Aliniuliza habari za lile shimo la chini ya ziwa, nikamweleza lilivyo, akasikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za nyumba aliyoishi bila kujua ina chumba kingine. Dakika mbili kabla ya saa kumi niliingia ndani, nikavua koti la kazi, nikalitundika, nikaweka funguo kwenye kisanduku cha mlangoni. Nilipotoka alikuwa amesimama.

Saa kumi kamili akaniwekea yule samaki mikononi.

"Wa mwenyeji," alisema kwa Kiswahili. Sikujua kwamba maneno hayo ameyashika. "Nimemwandika."

Tuliwasha moto mahali pa wote. Ndimu sikosi kwenye begi, na nyanya mbili zilikuwa zimebaki kwenye chakula changu cha mchana. Nilipokuwa nageuza samaki, Mkuu aliingiza mkono mfukoni akatoa ule mfuko wa karatasi wenye mkate wa jibini. Aliutazama kidogo. Akaukunja, akaurudisha mfukoni, akasogea karibu na moto.